Chama cha Democratic na zana za kijeshi mikononi mwa polisi: jibu kwa msomaji wa Ngamiani

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Kwenye baraza letu la kahawa hapa Ngamiani, Tanga, tumebishana sana kuhusu siasa za Marekani. Mmoja wetu anashikilia kwamba chama cha Democratic kinataka kuwanyang'anya polisi silaha. Mwingine anasema hayo ni maneno ya majukwaani, kwa sababu chama hicho hicho kilishiriki kuanzisha utaratibu wa jeshi kuwagawia polisi zana za vita. Ukweli ni upi? Na je, kwa msimamo wa chama hicho, operesheni ya polisi wetu na JWTZ kule Amboni mwaka 2015 ingeruhusiwa?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Wa kwanza amekosea, na wa pili amepatia nusu. Ilani za taifa za chama cha Democratic hazijadai kwamba polisi wasiwe na silaha. Kinachodaiwa na chama hicho tangu mwaka 2014 ni kwamba aina fulani za zana zilizotengenezwa kwa ajili ya uwanja wa vita zisitoke kwenye ghala la jeshi kwenda kituo cha polisi, na kwamba zile zitakazoendelea kutolewa zitolewe kwa idhini ya viongozi wa kiraia, kwa mafunzo, na kwa kumbukumbu zinazoweza kukaguliwa. Kabla ya mwaka huo chama kilikuwa na mwenendo mwingine, na hapo mwenzako wa pili ana hoja nzito. Ila ningeomba baraza lenu lizingatie zaidi umbali uliopo kati ya yale ambayo chama kimeyatamka na yale ambayo kimefanikiwa kuyaandika katika sheria, maana umbali huo ni mkubwa na ndio unaoamua nini kitaonekana barabarani.

Ili msimamo huo ueleweke, ni lazima tuweke kando kwanza sura ya polisi tuliyoizoea. Hapa kwetu kuna Jeshi la Polisi moja chini ya Inspekta Jenerali mmoja, na Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Tanga hupokea amri na vifaa kutoka makao makuu. Marekani haina polisi wa namna hiyo. Ina vyombo vya polisi vinavyokaribia 18,000: vya miji, vya wilaya chini ya masherifu ambao wengi wao huchaguliwa kwa kura, vya majimbo, vya vyuo vikuu, na hata vya shule. Serikali ya Washington haina mamlaka ya kumwamuru mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Missouri anunue kitu gani au asinunue kitu gani. Inachoweza ni kumpa vifaa na fedha, au kumnyima, na kumwekea masharti anapopokea. Kwa hiyo chama cha siasa cha Marekani kinapotangaza msimamo wa taifa kuhusu polisi na zana za kijeshi, kwa sehemu kubwa kinazungumzia ghala la serikali kuu na masharti ya kulifungua.

Iko pia sheria ya zamani iitwayo Posse Comitatus, ya mwaka 1878, inayokataza kulitumia jeshi kutekeleza sheria za ndani ya nchi isipokuwa pale ambapo Katiba au Bunge limeruhusu waziwazi. Sheria hiyo humzuia mwanajeshi asifanye kazi ya polisi, lakini haigusi bunduki yake wala gari lake. Mwanajeshi akibaki kambini na zana zake zikapelekwa kwa polisi, hakuna kifungu kilichovunjwa.

Nafasi hiyo ilianza kutumika wakati wa vita dhidi ya dawa za kulevya. Sheria ya ulinzi ya miaka ya fedha 1990 na 1991 iliiruhusu Wizara ya Ulinzi, kwa muda, kuvipatia vyombo vya polisi vifaa vilivyozidi mahitaji ya jeshi ili vitumike katika mapambano hayo. Rais wakati huo alikuwa George H. W. Bush wa Republican, lakini mabaraza yote mawili ya Bunge yalikuwa na wingi wa Democratic. Mwaka 1996 Bunge, safari hiyo likiwa na wingi wa Republican, liliufanya utaratibu huo kuwa wa kudumu kwa kifungu cha 1033 cha sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 1997, na aliyeitia saini ni Rais Bill Clinton wa Democratic. Kutokana na kifungu hicho utaratibu wenyewe ukajulikana kama Programu ya 1033. Mwenzako anayesema kwamba Democratic walikuwepo mezani wakati jambo hili linazaliwa hasemi uongo.

Wala haifai kuwahukumu wabunge walioendelea kuuunga mkono utaratibu huo kana kwamba hawakuwa na sababu. Tarehe 28 Februari 1997, majambazi wawili waliovaa mavazi ya kuzuia risasi na kubeba bunduki za rashasha walivamia benki katika eneo la North Hollywood, Los Angeles, wakapambana na polisi barabarani kwa dakika takriban 44. Askari wa doria walikuwa na bastola na bunduki za marisawa, ambazo risasi zake hazikupenya mavazi ya majambazi wale, na baadhi yao walilazimika kuchukua bunduki katika duka la silaha lililokuwa jirani. Askari kadhaa na raia walijeruhiwa kabla majambazi hao hawajafa. Baada ya siku ile haikuwa rahisi kwa mwanasiasa yeyote, wa chama chochote, kusimama na kusema kwamba polisi wabaki na bastola tu. Yakaja mashambulizi ya Septemba 2001, na ugaidi ukaungana na dawa za kulevya kuwa sababu ya kufungua ghala.

Programu yenyewe hufanya kazi hivi. Chombo cha polisi huomba kifaa kupitia mratibu wa jimbo, na maombi hupelekwa katika wakala wa ugavi wa Wizara ya Ulinzi. Bei ya kifaa hailipwi. Kinacholipwa ni gharama ya kukisafirisha na kukitunza. Sehemu kubwa ya vinavyotolewa ni vitu vya kawaida kabisa, kama vile mablanketi, majenereta, samani za ofisi, mahema na vifaa vya huduma ya kwanza, na vitu hivyo huwa mali ya polisi baada ya muda. Silaha, magari ya deraya na ndege huwekwa katika kundi la vifaa vinavyodhibitiwa, na hubaki mali ya Wizara ya Ulinzi hata vikiwa mikononi mwa polisi. Tangu mwanzo wa programu, thamani ya vyote vilivyotolewa, kwa bei ambayo jeshi lilivinunulia, imepita dola bilioni 7. Vita vya Iraq na Afghanistan vilipopungua, yakaongezeka katika orodha magari makubwa yaliyoundwa kuhimili mabomu ya kutegwa ardhini.

Ndani ya masharti hayo lipo moja ambalo naliona kuwa kiini cha tatizo lote: kifaa kilichopokelewa kilitakiwa kianze kutumika ndani ya mwaka mmoja, na maombi yanayohusu dawa za kulevya na ugaidi yalipewa kipaumbele. Mtu akipewa jahazi kwa sharti kwamba asipolitweka msimu huu atanyang'anywa, atalitweka hata siku ambayo mtumbwi ungetosha. Mji wenye watu elfu chache, usio na gaidi wala genge la silaha nzito, ukishapokea gari la deraya unahitaji kazi ya kulifanyisha, na kazi inayopatikana kwa urahisi ni upekuzi wa nyumba. Mwaka 2014 shirika la kutetea haki za kiraia la ACLU lilichapisha uchunguzi wa operesheni zaidi ya 800 za vikosi maalumu vya polisi, vile vinavyojulikana kama SWAT, na kukuta kwamba takriban asilimia 79 zilikuwa za kutekeleza hati za upekuzi, huku asilimia 7 tu zikiwa za mateka, watu waliojifungia ndani na silaha, au mtu anayefyatulia watu risasi. Vikosi vilivyoundwa kwa ajili ya dharura ya nadra vilikuwa vimegeuzwa kuwa vya kuvunja milango alfajiri.

Sasa tufike kwenye mabadiliko ya chama. Mwezi Juni 2014 mbunge wa Democratic kutoka Florida, Alan Grayson, alipeleka pendekezo katika Baraza la Wawakilishi la kuzuia fedha zisitumike kuhamishia polisi baadhi ya zana kama vile ndege za kivita, magari ya deraya na vifaa vya kurushia guruneti. Lilipata kura 62 za ndiyo dhidi ya 355 za hapana. Wengi wa wabunge wa Democratic, chama chake mwenyewe, walilikataa pamoja na wenzao wa Republican. Mwenzako wa pili ailete kura hiyo barazani, kwa kuwa inaonyesha wazi chama kilipokuwa kimesimama wiki chache kabla ya Ferguson.

Tarehe 9 Agosti 2014, katika mji wa Ferguson, Missouri, kijana Mweusi mwenye umri wa miaka 18, Michael Brown, aliuawa kwa risasi na askari polisi. Watu waliandamana, na dunia nzima ikaona polisi wa eneo lile wakiwa juu ya magari ya deraya, wamevaa sare za madoadoa ya kijeshi, wamewaelekezea waandamanaji bunduki. Si zana zote zilizoonekana siku zile zilitoka katika Programu ya 1033. Nyingine hununuliwa kwa ruzuku za wizara ya usalama wa ndani, au kwa fedha za miji yenyewe, na jambo hili husahaulika mara nyingi. Lakini maandamano yale yalibadilisha siasa. Mbunge Hank Johnson wa Georgia, wa Democratic, aliwasilisha muswada wa kupunguza uhamishaji wa zana hizo, na amekuwa akiurudisha Bunge baada ya Bunge. Upinzani haukutoka upande mmoja tu: Seneta Rand Paul wa Republican aliandika katika gazeti la Time, siku tano baada ya kifo cha Brown, akitaka polisi waondolewe sura ya kijeshi.

Rais Barack Obama alichukua hatua mwezi Januari 2015 kwa amri ya Rais, na ilipofika Mei orodha mbili zikatangazwa. Ya kwanza ilikuwa ya marufuku: magari ya deraya yanayotembea kwa minyororo, ndege zenye silaha, bunduki za risasi za kipenyo cha .50 na kuendelea, vifaa vya kurushia guruneti, singe, na baadhi ya sare za madoadoa. Ya pili ilikuwa ya vifaa vinavyoruhusiwa kwa masharti, na humo yalikuwemo magari ya deraya ya magurudumu pamoja na ngao na virungu vya kutuliza ghasia. Aliyetaka vifaa vya orodha ya pili alipaswa kuonyesha idhini ya baraza la kiraia la eneo lake, mafunzo ya askari wake, na kumbukumbu za matumizi. Vifaa vilivyorudishwa ni pamoja na magari 126 ya minyororo, vifaa 138 vya kurushia guruneti na singe 1,623. Niruhusu nisimame kidogo kwenye hizo singe. Polisi anayelinda mtaa hana kazi yoyote halali inayohitaji kisu cha kuchomeka mbele ya bunduki, na kuwepo kwa zaidi ya singe elfu moja na mia sita katika stoo za polisi kunaonyesha kwamba kwa miaka mingi hakuna mtu aliyekaa akauliza kifaa kinaombwa kwa kazi ipi. Shule nazo zilikuwa zimeomba: polisi wa shule za Los Angeles walipokea vifaa vya kurushia guruneti, na wilaya ya shule ya San Diego ilipokea gari la deraya, kisha ikalirudisha baada ya wazazi kulalamika.

Orodha zile mbili ndizo mpaka leo zinazoeleza vizuri msimamo wa chama kuliko hotuba yoyote. Zinakubali kwamba polisi anaweza kuhitaji kinga nzito, lakini zinakataa kwamba uamuzi huo ubaki kati ya mkuu wa polisi na ghala la jeshi peke yao.

Udhaifu wake ni kwamba zilikuwa amri ya Rais. Agosti 2017 Rais Donald Trump aliifuta, na mwanasheria mkuu wake, Jeff Sessions, aliutangaza uamuzi huo mbele ya mkutano wa chama kikubwa cha askari polisi mjini Nashville. Mwaka huo huo ofisi ya Bunge inayokagua matumizi ya serikali ilieleza kwamba wachunguzi wake walibuni chombo cha usalama ambacho hakipo, wakakiombea vifaa, na wakapewa vifaa zaidi ya 100 vyenye thamani ya takriban dola milioni 1.2, vikiwemo miwani ya kuonea usiku na bunduki za kufanyia mazoezi. Jaribio lile linapaswa kumsumbua hata mtu asiyekipenda chama cha Democratic, kwa sababu linahusu ghala lililotoa mali ya umma kwa chombo ambacho hakuna aliyethibitisha kama kipo.

Baada ya mauaji ya George Floyd, mtu Mweusi aliyefia mikononi mwa polisi mjini Minneapolis mwezi Mei 2020, chama kiliingiza jambo hili katika ilani yake ya mwaka ule, kikisema kwamba zana za vita hazina nafasi katika idara za polisi na kuahidi kurudisha mipaka ya wakati wa Obama. Wabunge wake walipitisha katika Baraza la Wawakilishi, Juni 2020 na tena Machi 2021, muswada uliopewa jina la Floyd, ambao pamoja na mengine uliibana Programu ya 1033. Mara zote mbili haukuvuka Seneti. Julai 2020 Seneta Brian Schatz wa Hawaii alipeleka pendekezo kama hilo katika Seneti, likapata kura 51 dhidi ya 49, lakini zilihitajika 60. Kilichopita badala yake kilikuwa chepesi: sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2021 ilipiga marufuku singe, maguruneti isipokuwa yale ya kushtua kwa mwanga na kishindo, magari ya kivita ya minyororo yenye silaha, na ndege zisizo na rubani zenye silaha, na ikadai mafunzo ya kutuliza hali kabla ya kutumia nguvu. Kipande hicho kidogo ndicho kilichoandikwa katika sheria, na ndicho pekee kisichofutika kwa saini ya Rais mmoja.

Yaliyofuata yanathibitisha hilo. Rais Joe Biden alitoa amri nyingine tarehe 25 Mei 2022, miaka miwili kamili baada ya kifo cha Floyd, akirudisha mipaka na kuipanua. Trump aliporudi madarakani Januari 2025 aliifuta siku ya kwanza, na mwezi Aprili akaagiza vyombo vya polisi vya majimbo na miji viongezewe vifaa vya ziada vya jeshi. Katika muda wa miaka kumi sera moja imewekwa, imefutwa, imewekwa tena na imefutwa tena.

Ndani ya chama chenyewe kuna watu wasiokubaliana. Mwaka 2020 baadhi ya wanaharakati walidai idara za polisi zipunguziwe sana fedha, na pengine mwenzako wa kwanza alizisikia sauti hizo akazichukua kuwa sauti ya chama. Biden, aliyekuwa mgombea wao, alilikataa dai hilo waziwazi. Mameya na masherifu wengi wa Democratic bado huomba magari ya deraya kwa ajili ya mafuriko na wahalifu wenye bunduki. Upande wa pili nako, New Jersey chini ya Gavana Chris Christie wa Republican ilipitisha mwaka 2015 sheria inayotaka idhini ya baraza la eneo kabla polisi hawajapokea vifaa vya jeshi, na Montana mwaka huo huo ilikataza baadhi ya zana kabisa. California ilifuata mwaka 2021 kwa sheria inayowataka polisi wapate kibali cha chombo cha kiraia, katika kikao cha wazi, kabla ya kununua au kuendelea kutumia zana za kijeshi. Kwa maoni yangu sheria hizi za majimbo zimefanya kazi ya kudumu zaidi kuliko amri zote za Ikulu ya Washington.

Sharti nikueleze pia kama zana hizi zinasaidia kupunguza uhalifu, maana bila hilo ubishi wenu utabaki wa kupenda na kuchukia. Mwaka 2017 tafiti mbili za wanauchumi zilidai kwamba maeneo yaliyopokea vifaa zaidi yalipata kupungua kwa uhalifu, na utawala wa Trump ulizitaja tafiti hizo ulipofuta amri ya Obama. Mwaka huo huo utafiti mwingine, uliotumia takwimu za majimbo manne, ulikuta uhusiano kati ya kupokea zana nyingi na polisi kuua watu wengi zaidi. Kisha mwaka 2021 tafiti nyingine mbili zilichunguza upya jambo hilo kwa takwimu sahihi zaidi na hazikuona kupungua kwa uhalifu. Zilionyesha kwamba kumbukumbu za nani alipewa nini zilikuwa na kasoro kubwa, na matokeo ya awali hayakuweza kusimama juu yake. Kwa mtu wa sheria jambo hilo la kumbukumbu lina uzito wake peke yake. Nchi tajiri kuliko zote duniani iligawa silaha kwa miongo miwili bila daftari linalotosha kumjibu mtafiti.

Utafiti ninaouthamini zaidi ni wa Jonathan Mummolo wa Chuo Kikuu cha Princeton, wa mwaka 2018, na uliwezekana kwa sababu ya tukio moja. Julai 2008 kikosi cha SWAT kilivamia nyumba ya Cheye Calvo, meya wa mji mdogo wa Berwyn Heights, Maryland, baada ya kifurushi cha bangi kupelekwa kwake na wahalifu waliotumia anwani yake bila yeye kujua. Polisi waliwaua mbwa wake wawili, na meya na mama mkwe wake wakafungwa mikono ndani ya nyumba yao. Meya hakuwa na hatia yoyote. Alipigania sheria, na Maryland ikavilazimisha vikosi hivyo kuripoti kila operesheni. Ripoti hizo ndizo zilizomwezesha Mummolo kuona kwamba vikosi vya kijeshi vilipelekwa zaidi katika mitaa ya watu Weusi, hata baada ya kuzingatia kiwango cha uhalifu wa mahali, na kwamba havikupunguza uhalifu wala hatari kwa askari wenyewe.

Wanaotetea zana hizi nao wasipuuzwe. Juni 2016, mtu mwenye bunduki alipowashambulia watu katika klabu ya Pulse mjini Orlando, polisi walitumia gari la deraya kubomoa ukuta, watu waliokuwa wamezuiliwa ndani wakatoka, na askari mmoja alinusurika kwa sababu kofia yake ilizuia risasi. Hakuna chama chenye akili kinachoweza kuwaambia watu wa Orlando kwamba gari lile halikuhitajika. Lakini Mei 2022, katika shule ya Uvalde, Texas, askari wapatao 376 wa vyombo mbalimbali walifika, wakiwa na bunduki nzito, na muuaji akaachwa darasani kwa dakika 77. Walioshindwa pale walishindwa katika uongozi na katika mafunzo, na ghala lote la jeshi lisingewasaidia.

Sasa Amboni. Watu wa Tanga hawahitaji kukumbushwa kwamba mwanzoni mwa mwaka 2015 askari polisi waliporwa bunduki mjini, na katikati ya Februari polisi na wanajeshi wa JWTZ walipambana na watu wenye silaha katika eneo la mapango ya Majimaji, ambako mwanajeshi mmoja alipoteza maisha na askari kadhaa walijeruhiwa. Umeuliza kama jambo hilo lingeruhusiwa kwa msimamo wa Democratic. Kwa upande wa zana, ndiyo. Amri ya Biden yenyewe, iliyokuwa kali kuliko ya Obama, iliruhusu magari ya deraya kwa chombo kitakachothibitisha kwamba yatatumika katika majanga, kukabiliana na mtu anayefyatulia watu risasi, kuokoa mateka, au kupambana na ugaidi. Kwa upande wa wanajeshi wenyewe, jibu haliko katika msimamo wa chama bali katika sheria: Marekani wangetazama Posse Comitatus, na kwa kawaida gavana wa jimbo angeita Walinzi wa Taifa, yaani askari wa akiba walio chini yake, ambao wakiwa katika utumishi wa jimbo hawabanwi na sheria hiyo, au Rais angetumia Sheria ya Uasi ya mwaka 1807, inayomruhusu kutumia jeshi ndani ya nchi. Hapa kwetu mpaka kati ya polisi na jeshi haukuchorwa mahali pale pale; Ibara ya 147 ya Katiba yetu, inapowakataza wanajeshi kujiunga na vyama vya siasa, inamtaja askari wa Jeshi la Polisi pamoja na wa Jeshi la Ulinzi, Magereza na JKT.

Wanachobishania Democratic ni kitu kingine, nacho ni siku ya pili: gari lililoletwa kwa ajili ya pango linapobaki stoo, kisha likatolewa kwa ajili ya mkutano wa hadhara au upekuzi wa nyumba ya mtuhumiwa wa misokoto michache ya bangi. Hapo wanataka awepo mtu wa kiraia anayeweza kukataa. Naamini dai hilo ni la haki, na ninaliamini kwa ajili ya askari pia, kwa sababu askari anayeingia mtaani na zana za vita hupoteza taarifa za wananchi, na taarifa hizo ndizo humwokoa siku ya hatari ya kweli.

Mkitaka kulipima jambo hili kwa vyama vyetu wenyewe, kumbukeni kwamba madiwani wa Jiji la Tanga hawana mamlaka juu ya vifaa vya polisi kama walivyo nayo wenzao wa California. Polisi ni jambo la Muungano, na mahali pa kuuliza ni Bungeni. Makadirio ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi hujadiliwa Dodoma katika mkutano wa bajeti, kati ya Aprili na Juni. Kabla ya siku hiyo mnaweza kumwandikia mbunge wenu, wa chama chochote, mkamwomba aulize ni zana za aina gani zimeombewa fedha, nani hutoa idhini zitoke stoo, na taarifa ya matumizi yake hupelekwa kwa kamati gani.